Kisu kipya cha kukunja kina kasoro ya kiwandani: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mtwara

Nanoa visu na kuuza vichache hapa Mtwara mjini, na tangu hivi visu vya kukunja vya bei rahisi vianze kushuka kwa wingi, vingine vinaletwa na basi kutoka Kariakoo vingine watu wanajiagizia wenyewe kwa simu, maswali ni yaleyale asubuhi mpaka jioni. Wavuvi wanauliza, mama wa pweza anauliza, vijana wa bodaboda ndio usiseme. Nimeona niyaandike yote mara moja nipumzishe mdomo.

Ila kabla hujasoma chochote shika hili: usiguse skrubu hata moja kabla hujaamua kama unakirudisha au unabaki nacho. Ukishafungua, muuzaji atakwambia wewe ndio umekiharibu, na kusema ukweli hana kosa, atajuaje?

Nimekipokea leo. Nianze kuangalia wapi?

Kama kimekuja kwa mzigo, washa kamera ya simu kabla hujakata gundi ya boksi, video ya dakika moja tu inatosha. Alafu futa mafuta ya kiwandani kwa kitambaa mana hua yamechanganyika na vumbi la chuma la kunolea, na yanaficha mambo.

Watu wote wanaanza na makali, wanakata karatasi, wananyoa vinyweleo vya mkono, wanafurahi. Mi nasema makali yawe ya mwisho. Makali mabaya unanoa, yanaisha. Anza na loki, kwasababu kwenye kisu kizima hicho ndio kitu pekee kinachoweza kukuondolea kidole.

Loki naikaguaje?

Vingi vinavyouzwa huku ni vile vyenye bati ndani ya mpini, ukifungua kisu lile bati linaruka pembeni linakaa nyuma ya kisigino cha bapa kukizuia kisijifunge. Fungua taratibu mpaka usikie "ka!" alafu kigeuze ukiangalie kwa nyuma kwenye mwanga wa jua. Angalia bati limeingia kiasi gani. Theluthi mpaka nusu ya unene wa kisigino, safi. Likiwa limeshika kwa ukingo tu, kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya benchi, hapana. Na likiwa limevuka lote mpaka limegusa upande wa pili, hapana pia, mana bati linasogea kadiri linavyolika na la kwako halina tena pa kusogea.

Baada ya hapo shika mpini kwa ubavu, vidole visiwe kwenye njia ya bapa, weka mgongo wa kisu kwenye ukingo wa meza ukandamize kidogokidogo kana kwamba unataka kukifunga kwa nguvu. Rudia mara kumi. Kisisogee hata mara moja. Sio ugonge gonge kama unapasua kifuu, kugonga kunaweza kuharibu loki iliyokuwa nzima, we kandamiza tu.

Hii sikuisoma popote. Kisu changu cha kwanza cha kukunja nilikinunua duka moja hapahapa mjini, siku ya pili nikakizamisha kwenye kumbi la dafu nikawa nakichokonoa kukitoa, mgongo ukapata mzigo, loki ikaachia. Kilinifunga kwenye kidole cha shahada. Mpaka leo kidole hicho hakikunji vizuri asubuhi ya baridi, na huku kwetu asubuhi ya baridi yenyewe ni ya kutafuta.

Loki inateleza lakini kisu nakipenda. Fundi hawezi kulipinda lile bati likaze?

Hapana. Tatizo hua sio bati kulegea, tatizo ni pembe ya pale bati linapokutana na kisigino, imechongwa vibaya. Ukilipinda litasukuma kwa nguvu zaidi lakini kwenye sehemu ileile inayoteleza, na litakupa moyo wa uongo. Kirudishe. Kama huwezi kukirudisha kitumie kama kisu kisicholoki, kukata kamba na kumenya chungwa, basi, usichome nacho kitu.

Yangu ni kinyume, loki inanata, mpaka kidole gumba kiumie ndio ifunguke

Hiyo nyepesi. Chuma kipya kwa kipya kinang'ang'aniana. Chukua penseli ya shuleni, paka ile sehemu ya kisigino inayoguswa na bati mpaka iwe nyeusi inang'aa, alafu fungua funga mara hamsini hivi ukiwa unaangalia mpira. Wengi inaisha hapo. Usipake mafuta pale, sehemu ya kushikana inatakiwa iwe kavu.

Bapa linacheza cheza. Ni kawaida?

Linacheza kuelekea wapi? Hapa ndio watu wanachanganya.

Likicheza kushoto na kulia, skrubu ya pale bapa linapozungukia imelegea, au walikaza haraka haraka kiwandani. Kaza kidogo sana, yaani kama unagawa duara vipande nane we unasogeza kipande kimoja, unajaribu, kingine, unajaribu. Ukizidisha bapa litakua gumu kufunguka kama mlango wa chumba cha mpangaji wakati wa mvua. Unatafuta pale ambapo halichezi na bado linafunguka laini.

Likicheza juu na chini huku limeloki, hiyo sio skrubu. Ni loki haijakaa vizuri au tundu limetobolewa kubwa kuliko pini yake. Kukaza hakusaidii, utakaza mpaka uchane skrubu na litaendelea kucheza. Rudisha. Kuna kajambo kamoja tu, vile visu vya loki ya mgongoni, unavyobonyeza nyuma ya mpini ili kifunge, vingi vina mchezo mdogo sana wa juu chini hata vikiwa vizuri. Ukiusikia mkononi lakini huuoni kwa macho, usihangaike.

Nikikifunga bapa halikai katikati, limelalia upande mmoja

Je linagusa bati? Pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya bapa na bati kisu kikiwa kimefungwa. Ikipita, hiyo ni kasoro ya macho, inakukera tu. Mi nina kisu mwaka wa sita bapa limeegemea kushoto na sijawahi kukiona kimekataa kukata samaki kwasababu hiyo.

Ikikwama, bapa litajikwangua kila siku na makali yataumia. Kwanza angalia kama bapa lenyewe limepinda: kifungue, funga jicho moja, tazama kwa mgongoni kuanzia kisigino mpaka ncha kama fundi seremala anavyotazama ubao. Likipinda hata kidogo usijaribu kulinyoosha, chuma kilichogumishwa kwa moto kinakatika "tak" bila salamu. Kirudishe. Kama limenyooka na umeamua unabaki nacho, legeza kidogo skrubu za mpini, sukuma bapa kwa kidole kuelekea upande unaotaka, shikilia hapohapo ukaze tena. Mara nyingi linakubali. Likirudi tena kesho ujue washa mbili za ndani, vile vibati vya duara bapa linapozungukia, hazilingani unene.

Hizo skrubu mbona bisibisi yangu haiingii?

Kwasababu ni nyota ya pembe sita, sio ile nyota ya kawaida ya msalaba. Saizi zinazotumika sana ni T6 kwenye skrubu ndogo na T8 pale kwenye mzunguko. Usinunue, nenda kwa fundi simu yeyote, wana vijisanduku vya bisibisi za kila namna, muombe ukae palepale kibandani ufanye mbele yake. Na ukikuta skrubu haitoki usilazimishe, kiwandani hua wanaweka gundi kwenye uzi wa skrubu. Fundi huyohuyo ana kile kichuma cha moto cha kuchomelea risasi, akigusishe kwenye kichwa cha skrubu sekunde chache, gundi inalainika, inatoka yenyewe.

Bisibisi isiyo saizi ndio inaua visu vingi mjini hapa kuliko kasoro za kiwanda. Wanaletwa kwangu kichwa cha skrubu kimekua duara kama kifungo cha shati.

Skrubu zinalegea kila wiki

Ile gundi imeisha au haikuwekwa. Kama huna ya skrubu, tumia rangi ya kucha. Toa skrubu, ifute mafuta ikauke, tia tone moja kwenye uzi, rudisha, subiri usiku mzima. Tone moja jamani, sio unapaka kama bibi harusi. Klipu ya mfukoni ikilegea dawa yake ni hiyohiyo.

Kikifunguka kinasaga kama kina mchanga

Inawezekana ni mchanga kweli, upo Mtwara wewe. Lakini kikiwa kipya mara nyingi ni vumbi la chuma la kiwandani, au vikwaruzo kwenye washa. Kama huna mpango wa kukirudisha, kwanza bila kufungua: dondoshea mafuta ya taa pale kwenye mzunguko, fungua funga, utaona maji meusi yanatoka, futa, rudia mpaka yatoke meupe. Kiache kikauke, alafu tone moja la mafuta ya cherehani. Usitie mafuta ya nazi, najua yapo kila nyumba, lakini yakikaa yanaganda yanakua kama gundi na yanashika vumbi.

Ukilazimika kufungua, fungulia kwenye sinia uliyotandika kitambaa cheupe. Baadhi ya visu vina gololi ndogo kuliko punje ya ulezi badala ya washa, na kuna kijana wa Mikindani alifungulia cha kwake ufukweni kabisa amekaa kwenye ngalawa. Nadhani huhitaji niendelee.

Alafu wenzangu wa Tandahimba na Newala, hii sio kasoro ya kiwanda: umebangulia korosho mbichi. Yale mafuta ya ganda yanayobabua mikono, ndio hayohayo yakiingia kwenye mzunguko wa kisu yanakauka yanakua kama vanishi ya kahawia na kisu hakifunguki tena. Na maji ya mabibo yanalipaka bapa weusi. Msimu wa Oktoba mpaka Desemba naletewa visu hivi kila wiki na kila mtu anaapa kiwanda ndio kimemuonea.

Kipya lakini hakikati. Nimeuziwa kopo?

Pengine. Ila kabla hujalaani, pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda ukingoni (kuelekea nje, usipitishe kando ya makali!). Pande zote mbili. Ukisikia upande mmoja kuna kitu kinakwaruza kama unywele wa chuma umejikunja, hicho ndicho kinachozuia kukata. Walinoa upande mmoja wakasahau kumalizia mwingine. Buruza bapa kwenye mkanda wa ngozi kurudi nyuma, mgongo ukitangulia, mara ishirini kila upande, kitashtuka.

Kuna lingine ambalo linawachosha watu: kisu kimekuja kikali, siku mbili kikawa butu, umenoa, siku mbili tena butu. Kiwandani wananolea kwenye mkanda unaozunguka kwa kasi, na ule ukingo mwembamba kabisa ukipata moto unalegea ugumu wake. Chuma cha ndani ni kizima, kilichoharibika ni kama unene wa kucha tu. Ukinoa kwa jiwe mara mbili tatu unakua umeshakila chote kile kilicholegea, na kuanzia hapo kisu kinatulia. Kwahiyo usikihukumu mpaka ukinoe mara tatu. Baada ya hapo bado butu? Basi chuma chenyewe ndio laini na utakua unanoa mpaka uzeeke.

Ninoe kwa pembe gani na nitaijuaje, sina vifaa

Digrii 20 hivi kila upande inatosha kwa kazi zetu. Chukua karatasi yenye kona ya mraba, hiyo ni 90. Kunja kona hiyo katikati, unapata 45. Kunja tena, unapata 22 na nusu. Simamisha hiyo pembe ya karatasi kwenye jiwe, lalisha bapa lilingane nayo, mkono wako utakariri baada ya dakika tano. Na paka makali kwa maka peni kabla ya kuanza, ukiburuza mara mbili angalia wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu, kwenye bega, inua mgongo kidogo. Ukitoka ukingoni kabisa tu, laza.

Jiwe huna? Geuza kikombe cha kauri, ile duara ya chini ambayo haijapakwa rangi ya kung'aa inanoa vizuri tu. Nishamuona mama mmoja wa pweza pale feri anamaliza kisu chake kwenye kitako cha bakuli la chai, na kisu chake kilikua kikali kuliko vyangu vya kuuza. Nilinyamaza nikanunua pweza nikaondoka.

Mteremko wa makali upande mmoja ni mpana kuliko mwingine

Urembo tu. Kinakata. Utajirekebisha wenyewe kwa miaka ya kunoa.

Kimeandikwa "Stainless" na siku ya tatu kina madoa ya kutu. Feki?

Sio lazima. Hiyo stainless maana yake kinachelewa kushika kutu, sio kwamba hakishiki kabisa. Kinachosaidia ni kromiamu kwenye chuma, na visu vingi vya bei ya kati, kama vile vilivyogongwa 8Cr13MoV, vina asilimia 13 hivi. Dar ndani ya ofisi yenye kiyoyozi inatosha. Ukikaa Shangani hapa Mtwara, au Lindi mjini unavuka na pantoni kwenda Kitunda kila siku, au kazi yako ni kwenye mashamba ya chumvi, hewa yenyewe ina chumvi. Chuma kinachoitwa D2 ndio angalia sana, wauzaji wanaisifia na kweli inakaa na makali muda mrefu, ila kromiamu yake ni kama 12 na nyingi imefungwa kwenye chembe ngumu za ndani, haibaki ya kutosha kuzuia kutu. Kwa mvuvi mi simuuzii D2 hata anibembeleze. Bora chuma laini kinachonolewa kila asubuhi.

Madoa ya juu juu yanatoka kwa majivu na kitambaa chenye maji kidogo. Kila jioni kioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kikaushe, kipake mafuta kiduchu. Ila kama umekitoa kwenye boksi siku hiyohiyo kikiwa na mashimo ya kutu, sio madoa, mashimo unayoyasikia kwa ukucha, hiyo ni yao, kirudishe.

Mpini wa mti umefura, bapa halitoki

Mti unakunywa maji. Hata Opinel wa Ufaransa, kampuni inayotengeneza visu vya kukunja tangu 1890, mpini ukilowa unavimba na kisu kinagoma. Kiache kivulini kikauke siku mbili tatu, usikiweke juani utapasuka. Kikikauka kipake mafuta ya kitani pale kwenye mfereji. Kuna watu wanawapa wachongaji wa Kimakonde wawabadilishie mpini uwe wa mpingo, mpingo ni mgumu na mzito na haunywi maji hovyo, kazi nzuri kweli, lakini ukishafanya hivyo sahau kurudisha kisu.

Kinajifungua chenyewe mfukoni

Acha kukiweka mfukoni leo hii. Ndani kuna kigololi kinacholishika bapa likiwa limefungwa, cha kwako hakifiki kwenye tundu lake. Jaribu: kifunge, kielekeze chini, kitikise kwa mkono. Bapa lisitoke. Likitoka, rudisha, hiyo iko kundi moja na loki.

Muuzaji ananionesha risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"

Hayo maandishi ameyachapa mwenyewe, sio sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayeuza bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Lakini ina upande wa pili ambao watu hawaujui: kama ulikikagua mwenyewe dukani kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulitakiwa kuionesha huwezi kuja kuilalamikia. Ndio maana nasema ukikagua kagua kweli, loki na bapa, palepale kaunta.

Mi hua nawashauri waende kistaarabu kwanza. Nenda mapema kabla duka halijajaa, salamu yako kamili, shikamoo kama ni mzee, mpe akijaribu yeye mwenyewe ile ya kukandamiza kwenye meza. Akiona loki imeachia mkononi mwake maneno yanapungua sana. Risiti ya EFD kama alikupa itunze, na kama ulilipa kwa simu usifute ule ujumbe. Akikataa kabisa, malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa kisu cha elfu kumi na tano wengi hawafiki huko, naelewa.

Kama kinarudi Dar na umempa mtu anayepanda ndege, mwambie akiweke kwenye begi la kukabidhi. Kwenye begi la mkononi kitabaki uwanjani.

Ubapa una michoro ya mawimbi, wamesema Damascus, nimelipa zaidi

Damascus ya kweli ni vyuma viwili au zaidi vimechomewa pamoja na kukunjwa, kwahiyo mchoro umo mpaka ndani. Tafuta sehemu ya mgongo, mawimbi yanatakiwa yavuke yaendelee upande wa pili. Yakiishia ukingoni kama kitenge kilichokatwa, yamechorwa tu juu. Kisu kinaweza kikawa kizuri hivyohivyo. Hela ya ziada ndio imeenda.

Mjomba, nimekifungua nikakisafisha nikakirudishia, kinafanya kazi ila imebaki washa moja kwenye sinia. Ni ya ziada?

Hapana. Fungua tena.